Msasa juu ya bawa

Swali la msomaji wa Ngamiani, Tanga: "Assalaam alaykum. Binti yangu anasoma Kanada. Januari alipokuwa anarudi nyumbani, ndege yao ilikaa uwanjani Toronto karibu saa mbili nzima. Alinitumia video: lori lenye mkono mrefu linaimwagia ndege maji ya rangi ya chungwa yanayofuka mvuke, kisha mengine ya kijani. Wakasubiri zamu ya kuruka, theluji ikazidi, wakarudishwa wakamwagiwa tena. Ndani kukanuka kitu kitamu kama sharubati. Mwisho akakosa ndege ya kuunganisha. Kaka yangu, mtu wa mpira, anasema ile ndege ya Manchester ya zamani ilianguka kwa barafu ya mabawani, lakini injini za siku hizi zina nguvu na barafu kidogo si uzito wa kuzishinda. Tena huko juu ni baridi zaidi, sasa chini wanayeyusha ya nini? Naomba nielezwe. Na hiyo harufu haina madhara?"

Jibu:

Waalaykum salaam, mama. Pole kwa binti kukosa ndege. Nyumbani mmeshapika, gari la kumpokea mmeshakodi, halafu simu inalia kutoka nchi ya watu. Najua inavyochosha.

Nimekuwa fundi wa ndege kwa miaka thelathini na ushei, na majira manne ya baridi kati ya hiyo niliyamaliza Kanada, mahali ambapo usiku wa Januari pumzi inaganda kwenye ndevu. Mimi mtoto wa Chumbageni, niliyekuwa nikidhani baridi ni Lushoto mwezi wa saba, nilifika pale sijui kitu. Kwa hiyo maswali ya kaka yako siyacheki. Nilikuwa nayo yote.

Tuanze na uzito. Chukua ndege ya kawaida ya abiria 150 hivi. Ikijaa inaruka na tani sabini na kitu, na mabawa yake yana eneo la mita za mraba kama 120. Yapake sakitu, yaani ule umande ulioganda ambao watu wa Njombe na Makete wanaujua unavyochoma viazi, unene wa nusu milimita tu. Uzito wake wote haufiki masanduku mawili ya binti yako. Hapo kaka yako yuko sawa kabisa. Injini haitazihisi kilo hizo. Na bado ndege hiyo, kwa sakitu hiyo, inaweza kukimbia njia nzima ikashindwa kupanda.

Nenda Deep Sea alfajiri uangalie ngalawa zinavyotoka. Upepo ukipita vizuri kwenye tanga, likajaa na kutulia, chombo kinakata maji. Nahodha akikosea pembe, tanga linaanza kupigapiga: upepo ni ule ule, nguo ni ile ile, ila chombo kimelala. Bawa la ndege ni ndugu wa tanga. Hewa inatakiwa iambatane na mgongo wa bawa kuanzia ukingo wa mbele mpaka wa nyuma, ipite imetulia. Ikibanduka njiani, bawa linaacha kunyanyua. Na hakuna kinachoibandua hewa upesi kama uso unaoparuza.

Kipimo kinachofundishwa kwa marubani na mafundi ni hiki: barafu, theluji au sakitu yenye unene na mparuzo wa karatasi ya msasa, ule wa kati au mkali, ikikaa mbele na juu ya bawa inaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Msasa, mama. Seremala yeyote wa hapo Ngamiani anao kwenye sanduku lake. Muombe kipande, upitishe kidole, halafu umpelekee kaka yako.

Kuna jambo jingine ambalo abiria halioni. Ndege ina kifaa cha kumwonya rubani kwamba amenyanyua pua kupita kiasi na bawa linakaribia kuacha kunyanyua. Kifaa hicho kimepimwa kwa bawa safi. Bawa lenye msasa linaacha kunyanyua mapema zaidi, kifaa hakijalia, usukani haujatetemeka. Wala mabawa hayaachi yote mawili kwa pamoja: moja linatangulia, ndege inalala ubavu, na ardhi iko mita ishirini chini. Ndiyo maana sheria ya kuruka ni fupi kuliko sheria nyingi za ndege: hakuna kuruka na sakitu, theluji wala barafu iliyogandia mabawa, mkia au panga za injini. Neno "kidogo" halimo.

Nikupe kisa changu. Usiku wangu wa pili kazini, nyuzi kama 3 juu ya sifuri, mvua nyepesi ilikuwa imepita. Nilipanda ngazi na tochi nikaangalia bawa la ndege iliyolala pale tangu jioni. Lilikuwa linang'aa, limelowa, safi. Nilishashika kalamu nitie sahihi. Mzee mmoja wa pale, mtu wa maneno machache, akaniambia nivue glavu nipapase. Nikapapasa. Palikuwa na kioo. Barafu angavu, laini kama chemni ya taa ya kandili, imelala juu ya tangi la mafuta, unene wa kidole cha shahada. Rangi ya bawa inaonekana chini yake bila shida, ndiyo maana macho yalipita. Tangu siku ile siamini tochi. Mpaka leo mafundi wa nchi za baridi, pamoja na vifaa vyote walivyo navyo, wana ukaguzi wa kupapasa kwa mkono.

Barafu ile ilitoka wapi, kama hewa ilikuwa karibu na sifuri tu? Ilitoka kwenye mafuta. Ndege ikikaa angani saa nyingi, mafuta yaliyomo ndani ya mabawa yanapoa sana, na ikitua yanabaki baridi muda mrefu, kama chungu kikubwa kinavyotunza joto, ila hapa kinatunza ubaridi. Mvua au unyevu ukigusa ngozi ya bawa juu ya mafuta hayo unaganda, hata kama hewa ya nje iko juu ya sifuri. Tarehe 27 Desemba 1991, ndege ya SAS, shirika la nchi za Skandinavia, aina ya MD-81 iliondoka uwanja wa Arlanda, Stockholm, baada ya kumwagiwa dawa ya kuondoa barafu. Dawa iliondoa kilichoonekana. Barafu angavu juu ya matangi ikabaki. Mabawa yalipojikunja kidogo wakati wa kuruka, vipande vikabanduka na kwenda moja kwa moja kwenye injini, maana MD-81 injini zake ziko nyuma, mkiani. Zote mbili zikafa ndani ya dakika chache. Rubani akaishusha kwenye shamba huko Gottröra, ikakatika vipande vitatu, na watu wote 129 wakatoka hai. Nikisimulia kisa hiki huwa nasema alhamdulillahi kwanza, ndipo naendelea.

Hata hapa kwetu mafuta hayo yanajionyesha. Ukiwa uwanjani Dar na ndege kubwa imetua kutoka Ulaya, angalia chini ya mabawa yake, usawa wa matangi: utaona yanatoka jasho na kudondosha matone juani, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Sasa lile lori. Binti yako ameonyesha video nzuri, na rangi zile mbili ni kazi mbili tofauti.

Ya chungwa ni ya kuondoa. Ni maji yaliyochanganywa na glikoli, yanapashwa moto ili yakitoka kwenye bomba yawe angalau nyuzi 60, na yanapigwa kwa nguvu. Mvuke alioona ndio huo. Kazi ya kuyeyusha inafanywa hasa na joto na msukumo. Glikoli inazuia maji yaliyoyeyuka yasigande tena pale pale. Wachanganyaji wanapiga hesabu ya hali ya hewa: mchanganyiko lazima uwe ule ambao hauwezi kuganda mpaka baridi izidi ya nje kwa nyuzi 10. Mtu anakaa kwenye kikapu juu ya mkono wa lori, kama fundi wa TANESCO kwenye nguzo, anaanza mbele ya bawa kurudi nyuma, na anaepuka madirisha na midomo ya injini. Rangi imewekwa ili aone amepita wapi na hajapita wapi.

Wauza samaki wa Deep Sea wataniuliza: si mngetumia chumvi? Wao wanajua barafu ikitiwa chumvi inavyofanya. Chumvi ingeyeyusha, ndiyo, lakini ingekula alumini ya ndege. Wewe unaishi Tanga, umeona upepo wa bahari unavyokula bati la paa, nisiseme zaidi.

Ya kijani ni kitu kingine kabisa, na ndiyo iliyonishangaza nilipofika. Ni nzito, kwa kawaida inamwagwa bila kupashwa moto, na inakaa juu ya bawa bila kukimbia. Kama umewahi kula mlenda, au bamia iliyochemka vizuri, unaijua tayari. Theluji inayoendelea kudondoka inaangukia kwenye ule mlenda na kuyeyukia humo, haifiki kwenye bawa. Swali la kila mgeni ni hili: mlenda wenyewe si utaharibu umbo la bawa? Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Umetengenezwa uwe mzito ukiachwa na uwe mwepesi ukisukumwa. Ni kama tomato sosi ya chupa, inagoma kutoka mpaka uitikise. Ndege ikianza kukimbia, upepo unaukwangua, unakuwa maji, na kufikia kasi ya kunyanyua pua sehemu kubwa imeshateleza na kudondokea barabarani. Abiria wa dirishani anaona mawimbi ya kijani yanakimbia kurudi nyuma. Nimeitazama mara nyingi na bado naipenda.

Mlenda huu una tabia moja mbaya ambayo ni siri ya sisi mafundi. Ukikauka kwenye vipenyo vya mkia na mabawa unabaki kama unga, macho hayauoni. Siku ndege ikipigwa na mvua, unga unanywa maji, unavimba unakuwa jeli, halafu huko juu jeli inaganda karibu na vyuma vya kuongozea ndege. Kwa hiyo ndege zinazomwagiwa sana kila baridi lazima zifunguliwe na kuoshwa vipenyo hivyo. Kazi ya kuchosha, haina sifa, na hakuna anayepiga video.

Kwa nini walimwagiwa mara ya pili? Kwa sababu dawa ina saa yake. Mlenda unapokea theluji mpaka unashiba, na ukishashiba unaanza kuganda. Kuna majedwali yanayotolewa kila mwaka: unatafuta aina ya dawa, baridi ya siku hiyo, na kinachodondoka, unapata dakika zako. Ya chungwa peke yake, kwenye theluji ya wastani, haifiki robo saa. Ya kijani inaweza kukupa nusu saa, saa nzima, hata zaidi theluji ikiwa nyepesi. Mvua inayoganda ikiwa ya wastani au kubwa, jedwali halina namba kabisa. Hapo hakuna anayeruka, mnakaa. Na saa haianzi lori likimaliza. Inaanza pale duru ya mwisho ya kumwagia inapoanza, maana sehemu iliyomwagiwa kwanza ndiyo itakayochoka kwanza. Kiongozi wa lori anamtajia rubani kwenye redio: aina gani, mchanganyiko gani, imeanza saa ngapi na dakika ngapi. Rubani anaandika. Kisha anajipanga kwenye foleni ya kuruka huku anaangalia dakika. Foleni ikiwa ndefu au theluji ikazidi, dakika zinakwisha, anarudi. Rubani wa binti yako aliwaudhi watu mia na hamsini na kumgharimu mwajiri wake dawa nyingine, ambayo kwa ndege moja ni mamia ya lita na kwa ndege kubwa siku mbaya ni maelfu. Ningepanda naye kesho.

Kuna rubani ambaye hakurudi. Tarehe 13 Januari 1982, Washington, ndege ya Air Florida aina ya Boeing 737 ilimwagiwa dawa, kisha ikakaa dakika 49 kabla ya kuruka, theluji inaanguka muda wote. Marubani waliona mabawa yao. Badala ya kurudi, waliisogeza ndege nyuma ya nyingine iliyokuwa mbele yao kwenye foleni ili moshi wa moto wa injini zake uwayeyushie. Uliyeyusha kidogo, yale maji yakaganda upya. Zaidi ya hapo, hawakuwasha kinga ya barafu ya injini. Bomba dogo linalopima nguvu ya injini likaziba kwa barafu, saa ya nguvu ikasoma 2.04 wakati ukweli ulikuwa kama 1.70. Wakadhani wana nguvu ya kutosha, hawana. Rubani msaidizi alisema zaidi ya mara moja kwamba haioni sawa. Ndege ikapanda kidogo, ikagonga daraja lililojaa magari, ikatumbukia kwenye mto Potomac uliofunikwa na barafu. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa kwenye magari yao darajani. Waliookoka ndegeni ni watano. Abiria mmoja, Arland Williams, kila kamba ya helikopta ilipomfikia mtoni aliwapa wenzake, na alipobaki peke yake akazama. Daraja lile leo lina jina lake.

Kuhusu huko juu kwenye baridi zaidi. Kaka yako ameuliza swali zuri hapa. Kwenye futi 35,000 ni nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, kweli. Lakini hewa ya huko ni kavu, na maji yaliyopo yameshakuwa chembe ngumu za barafu. Zinapita kwenye bawa kama mchanga mkavu wa Raskazoni unavyopita kwenye kioo cha gari, hazishiki. Tena kasi ya ndege yenyewe inapasha ngozi yake joto kwa nyuzi kama 25 juu ya hewa inayoizunguka. Barafu yenye kushika iko chini zaidi, kwenye mawingu ya kati ya sifuri na nyuzi kama 20 chini ya sifuri, ambako kuna matone yaliyopoa kupita sifuri bila kuganda. Yanasubiri tu kitu cha kugusa. Ndege ikipita, yanaganda juu yake papo hapo. Eneo hilo hata angani kwa Tanga lipo, kilomita tano hivi kwenda juu. Kilimanjaro asingekuwa na kofia nyeupe kama lisingekuwepo.

Kwa hilo ndege ina dawa yake yenyewe. Jeti nyingi zinachukua hewa ya moto kutoka kwenye injini na kuipitisha ndani ya ukingo wa mbele wa mabawa. Ndege ya pangaboi haina hewa ya moto ya kugawa ovyo, kwa hiyo inatumia mpira. Siku ukipanda zile Q400 za ATCL, zilizotoka Kanada hiyo hiyo na kuanza kuja nchini 2016, angalia mbele ya bawa: utaona ukanda mweusi. Wengi wanadhani ni rangi. Ni mpira wenye mifuko ya hewa ndani. Barafu ikikaa, mifuko inajaa upepo, inavimba, barafu inapasuka na kupeperuka. Ila mitambo hii yote inalinda ukingo wa mbele tu, na imekusudiwa ndege ikiwa inakwenda. Theluji iliyolala juu ya bawa zima uwanjani haihusiki nayo. Hiyo ni kazi ya lori.

Manchester sasa, na hapa kaka yako anisamehe, kwa sababu anachosema ndicho kilichosemwa rasmi kwa miaka. Tarehe 6 Februari 1958 timu ilikuwa inatoka Belgrade, imetoka sare ya 3–3 na Red Star, ndege ikatua Munich kuongeza mafuta. Ilijaribu kuruka mara mbili ikaacha kwa sababu ya injini. Mara ya tatu ilifikia kasi ya kuruka, halafu kasi ikaanza kushuka badala ya kupanda. Ikapita mwisho wa njia, ikavunja ua na kugonga nyumba. Walikufa watu 23 kati ya 44, wanane wakiwa wachezaji. Wachunguzi wa Ujerumani wakasema: barafu kwenye mabawa, kosa la rubani James Thain aliyepaswa kuyakagua. Akapoteza kazi. Alipigania jina lake zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1969 serikali ya Uingereza ikatangaza hana hatia. Kilichowaua ni theluji tope, ile iliyoyeyuka nusu na kubaki kama uji, iliyokuwa imelala mwisho wa njia ya kurukia. Magurudumu yaliingia humo na kasi ikaliwa, kama pikipiki inavyoingia kwenye tope la masika njia ya Pangani. Baada ya hapo ndipo dunia ilipoanza kupima kwa makini unene wa tope hilo kwenye njia kabla ya kuruhusu ndege. Kwa hiyo mwambie: ndege yake ya mfano ilikuwa na barafu, ila barafu ilikuwa chini ya magurudumu.

Harufu. Ni glikoli hiyo. Wakati wa kumwagia, rubani hufunga mfumo wa kuingiza hewa ndani, ndiyo maana kunakuwa na joto zito na kimya kidogo; akiufungua, mabaki yanaweza kuingia kama harufu tamu, hata ukungu mwepesi unaowatisha watu wakidhani moshi. Viwanja vingi hutumia propilini glikoli, ambayo kwa kiasi kidogo huwekwa hata kwenye vyakula na dawa. Kuivuta kwa dakika chache vile haina cha kumfanya binti. Labda koo kuwasha.

Ila nikuombe kitu kwa sababu hiyo hiyo. Kuna ndugu yake, ethilini glikoli, ambaye yumo kwenye kulanti nyingi za rejeta za magari. Naye ni mtamu, na huyo ni sumu anayeua figo. Kama nyumbani kuna dereva au fundi anayeiweka kulanti kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro au ya juisi, mwambie aache leo. Watoto na paka huvutwa na utamu wake.

Na maji yote yale ya rangi hayaachwi yakatiririka mtoni, maana yakiingia mtoni bakteria wanayala na kumaliza hewa ya samaki. Toronto wana eneo maalumu la kumwagia, miongoni mwa makubwa duniani; ndege zinaingia na injini zikinguruma, dawa inakusanywa chini, zinatoka kwenda kuruka.

Hukuniuliza, lakini mzazi mwenye mtoto anayesafiri kwenye theluji anatakiwa kukijua kisa cha Dryden. Ni mji mdogo huko Kanada, jimbo la Ontario. Tarehe 10 Machi 1989 ndege ya Air Ontario aina ya Fokker F28 ilitua pale ikiwa na injini ndogo ya mkiani mbovu, ile inayosaidia kuwasha kubwa. Dryden hapakuwa na mtambo wa kuwashia. Rubani akizima injini zote, amekwama. Kwa hiyo aliacha moja ikinguruma. Na ndege ya namna ile ilikuwa hairuhusiwi kumwagiwa dawa injini ikiwa hai. Theluji ikaanguka mabawani wakati wanaongeza mafuta. Wakaruka hivyo hivyo, wakafika kwenye miti tu, watu 24 kati ya 69 wakafa.

Jaji Virgil Moshansky alichunguza mpaka 1992 akatoa mapendekezo 191, na mengi ya taratibu alizoziona binti yako yanatokana na kazi ile. Lakini kinachonikaa mimi ni hiki: ndani ya ndege walikuwemo marubani wawili wa mashirika, wamepanda kama abiria. Waliiona theluji juu ya bawa. Mhudumu aliyenusurika aliiona pia. Hakuna aliyekwenda kumwambia rubani. Kila mmoja alimwachia mwenye kazi yake. Marubani wale walidhani ndege itapelekwa kumwagiwa, mhudumu aliona si mahali pake kumfundisha rubani.

Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo, kutomwingilia mtu kwenye kazi yake, na mara nyingi ni adabu nzuri. Ila ndani ya ndege adabu hiyo si mahali pake. Mwambie binti: akikaa dirishani, njia ya kurukia iko mbele, na anaona weupe au mabonge yamelala juu ya bawa, abonyeze kitufe cha kumwita mhudumu aseme kwa lugha yoyote, "kuna theluji kwenye bawa". Akijibiwa kwamba ni dawa, sawa. Dawa ya kijani inang'aa na inatikisika kama jeli, theluji haing'ai. Hakuna atakayemshusha kwa kuuliza.

Na safari ijayo, akikata tiketi ya Desemba au Januari, asikubali muda wa kuunganisha wa saa moja na nusu hata kama ni nafuu. Achukue saa nne. Kumwagiwa kwenyewe ni dakika kumi au ishirini. Foleni ya lori ndiyo inayokula muda, na ndege za alfajiri hukuta foleni hiyo hata kama usiku haikuanguka theluji, kwa sababu zimelala nje na zimeamka na sakitu.